Sura ya Sita: Mifuko Iliyobanwa Hewa

Sherifu alipompigia simu Verlene Ragland asubuhi ya Jumatatu, alianza kwa kukohoa, na sherifu hakuwa mtu wa kukohoa bila sababu.

"Kuna kesi kwa mzee Pruitt, kwenye kituo chake cha kutotolesha samaki," akasema. "Mbegu za madume zimeharibiwa. Mzee anataka jibu kabla ya jua kuzama. Kama utaona vibaya kwenda, niambie, ingawa sina mwingine wa kumtuma."

"Nione vibaya kwa nini?"

"Anayeshukiwa ni Dorthea."

"Dorthea yupi?"

"Acha hizo, Verlene. Kaunti nzima inajua Dorthea yupi."

Kaunti nzima ilijua, kweli. Ilijua kwamba Lemuel Ragland alimwacha Verlene baada ya miaka kumi na moja ya ndoa, na kwamba hata kabla hajamaliza kuhamisha nguo zake kabatini kwa Verlene alikuwa ameshamwoa Dorthea, mwanamke mwembamba mwenye shahada ya ufugaji wa samaki na sauti ya kubembelezea mtoto. Ilijua pia kwamba Verlene hakuliacha jina la mume. Aliyethubutu kumuuliza alijibiwa kwamba beji ilikwisha kuchapishwa. Kwa hiyo siku hiyo Bi. Ragland wa kwanza alikuwa anakwenda kumhoji Bi. Ragland wa pili, na tusidanganyane, alikwenda mbio. Alikuwa na wivu, ule wa kunyima mtu usingizi, na safari hii wivu ulikuwa umepewa gari la serikali na pingu.

Hollis Pruitt alikuwa anamsubiri langoni, kofia mkononi, shingo yake imeiva kwa jua la mabwawa. Hakusalimu.

"Baba yangu ndiye aliyeanza kuchagua wale kambare madume, mimi nikaendeleza," alisema. "Maradhi ya wakati wa baridi yameniulia karibu wote. Nikabakiwa na wachache, wakubwa, unambeba mmoja kama unavyobeba mtoto wa shule. Jumamosi tukawachinja."

"Ukachinja waliobaki?"

"Ulitaka nifanyeje? Kambare buluu hakamuliwi. Jike unambinya tumbo anakupa mayai. Dume hakupi kitu. Mpaka umpasue, utoe korodani, uzisage, uchuje, mbegu uzitie kwenye maji ya chumvi, uziweke kwenye friji. Zikitunzwa vizuri zinakaa siku kadhaa, unachota kidogo kidogo kila majike wanapokuwa tayari. Zikitunzwa vibaya, umeua samaki bure." Akaivaa kofia, akaivua tena. "Watoto wao ni wadogo kama kidole. Wakifika umri wa kuzaa mimi nitakuwa nimeshazikwa. Ukoo mzima ulikuwa ndani ya friji moja, unanielewa?"

"Na unamshuku Dorthea."

"Chumba chake, friji yake. Leo asubuhi ananijia na habari kwamba mbegu zimekufa na hajui nani kazigusa. Mimi nasema amezembea, akafunga mifuko vibaya. Kama ni uzembe, namfukuza leo, na nitahakikisha hakuna kituo katika bonde zima la Delta kitakachompa kazi. Kama ni makusudi, ondoka naye. Jioni nipe jibu moja kati ya hayo mawili, Bi. Ragland." Akasita. "Samahani. Ni vile kwamba nyote wawili..."

"Niite mpelelezi," Verlene akamwambia.

Chumba cha mbegu kilikuwa nyuma ya banda la mayai. Pruitt alinyoosha mkono juu ya fremu ya mlango, akatoa ufunguo, akafungua.

"Ufunguo unakaa hapo siku zote?"

"Hawa watu wana ute mikononi kutwa. Wakiutia mfukoni hawawezi kuutoa."

"Nani anajua uko hapo?"

"Dorthea. Garland Spivey. Mimi. Hakuna mwingine mwenye shughuli humu."

Dorthea alikuwa amekaa mezani, glavu mikononi, mifuko imetandazwa mbele yake. Alikuwa anailainisha mmoja mmoja kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayepiga pasi kola ya shati. Alikuwa amefunga kitambaa cheupe kichwani, macho yamevimba, apuroni ina madoa ya damu ya samaki. Bado alikuwa mzuri. Verlene alitafuta mahali pa kumtoa kasoro, akakosa, na hilo lilimkera kuliko kesi yenyewe.

"Habari za asubuhi, dada," Dorthea alisema.

"Usiniite dada. Na usiguse kitu."

Dorthea akarudisha mikono mapajani. Pruitt akaondoka zake, akiona hapo si mahali pa mwanaume.

Mifuko ilikuwa ile ya nailoni yenye zipu, ambayo kila nyumba ya Delta inayo jikoni. Ndani ya kila mmoja mlikuwa na maji meupe, kama ya kuoshea mchele. Yote ilikuwa bapa.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu," Verlene alisema. "Mimi samaki namjua akiwa kwenye kikaango tu."

"Mbegu zinapumua," Dorthea alisema. "Watu wanadhani ukiziweka kwenye baridi zimelala, basi, yamekwisha. Zimelala kweli, lakini zinavuta hewa. Kwa hiyo natia maji kidogo chini, mfuko uliobaki naujaza hewa mpaka unavimba kama mto. Asubuhi na jioni naigeuza, zisirundikane upande mmoja zikanyimana. Leo nimefungua friji nikaikuta hivi. Haina hewa hata chembe. Nimeweka tone kwenye hadubini, hakuna inayotikisika."

"Mifuko yote?"

"Ya rafu ya kati yote. Rafu ya juu kuna mitatu midogo. Hiyo bado imevimba, ila haitoshi kitu."

"Uliikuta imekaaje, hii ya kati?"

"Imepangwa upande mmoja, mmoja juu ya mwingine. Upande wa pili ulikuwa wazi."

"Mara ya mwisho kuigeuza?"

"Jana jioni."

"Jua limezama au bado?"

"Linazama."

"Na ilikuwa imevimba?"

"Ilikuwa imevimba."

Alijibu upesi mno, akiitazama meza. Verlene alikuwa amewasikiliza waongo kwa miaka mingi, na mmoja wao alikuwa akila naye meza moja. Moyo ukamruka kwa furaha. Mke mwenzake alikuwa mwongo, na uongo ule aliutoa mbele ya afisa wa sheria.

Verlene aliiweka akiba furaha hiyo. Alifungua friji akaikagua kwanza. Kwenye mlango kulikuwa na karatasi imebandikwa, mwandiko wa Dorthea, inakataza chakula. Rafu ya kati ilikuwa ya nyaya. Upande ule Dorthea aliosema ulikuwa wazi, palikuwa na paku ya rangi ya njano, imekauka. Verlene aliikwangua kwa kijiti, akainusa. Haradali. Haradali na achari tamu ya matango.

"Hii nini?"

Dorthea aliikodolea macho. "Sijui," alisema, na safari hii hakujibu upesi.

Garland Spivey alikuwa bandani, amesimama kando ya beseni la mayai yaliyokosa mbegu, akiyatazama kama mtu aliyeandaa karamu na wageni wasije. Alikuwa mzee wa Kizungu mwenye meno machache na mikono mikubwa. Kabla ya Dorthea kuja, chumba cha mbegu kilikuwa chake.

"Ulimchukia?" Verlene alimuuliza.

"Nilimwonea wivu. Si kitu kimoja."

Verlene alimpenda hapo hapo. Wenye wivu hujuana.

"Mimi nilikuwa natia mbegu kwenye chupa, nafunika, basi," Garland aliendelea. "Nusu ya mayai yanaanguliwa, tunamshukuru Mungu. Binti akaja, akaanza mambo yake ya kupuliza mifuko, karibu yote yanaanguliwa. Mzee akaniambia, Garland, hamia kwenye mayai. Sasa kibaya zaidi ni kwamba kila asubuhi ananiletea kahawa. Mtu kama huyo utamchukiaje kwa raha?"

"Jana mchana mlikuwa wapi?"

"Bwawa la mwisho, mimi na yeye, tunavua majike. Tangu watu walipoingia kanisani mpaka walipotoka, na zaidi. Tulisikia gari likija huku likaondoka. Tukadhani ni mzee."

"Na jioni? Alikuja kugeuza mifuko?"

Garland alichukua kitambaa, akafuta mikono ambayo ilikuwa imeshakauka.

"Usinifanye nimchongee, bibie."

"Nimeuliza kama alikuja."

"Hakuja. Mimi nilibaki kuwachoma majike sindano za kuwatagisha. Simu yake ililia tukiwa bado bwawani, akasikiliza, uso ukambadilika, akaenda moja kwa moja kwenye gari lake. Ningejua hageuzi ningegeuza mimi. Sikutaka kuingia chumbani kwake bila kuambiwa. Nilikuwa na kiburi, basi."

Verlene alirudi chumba cha mbegu akitembea kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Jana jioni hukuja," alisema akiwa bado mlangoni.

Dorthea alifumba macho. "Sikuja."

"Ulikwenda wapi?"

"Nyumbani. Lemuel alinipigia. Alikuwa amenuna. Akaniambia niache kila kitu nirudi."

"Alinuna nini?"

"Si unajua wanaume. Wananuna tu."

"Mimi hakuwahi kuninunia," Verlene alisema, na alilisema kwa fahari. "Ungekuja jioni ungeikuta imebanwa. Ungeijaza hewa. Zingepona?"

"Nyingi zingepona."

"Basi ni uzembe."

"Ni uzembe," Dorthea alisema haraka. "Mwambie mzee hivyo. Mwambie niliifunga vibaya mwenyewe, nilikuwa nimechoka. Nitaondoka leo."

Hapo ndipo Verlene alipoharibikiwa. Alichokuwa anakitaka tangu asubuhi kiliwekwa mkononi mwake, na mkono ukakataa kufunga. Alikuwa amehoji wezi wa matrekta, wachoma maghala, wake waliowamwagia waume zao mafuta ya moto. Hakuna aliyeng'ang'ania kosa namna ile ila yule anayelificha kosa la mwingine. Ubaya wake Verlene ulikuwa huo: alikuwa mpelelezi mzuri kuliko alivyokuwa mtu wa kinyongo.

"Nionyeshe mbegu za rafu ya juu," alisema.

Dorthea aliuleta mfuko mmoja, akachota tone, akaliweka kwenye kioo chini ya hadubini. Verlene aliinama. Aliona vumbi limetulia.

"Zimekufa hizi pia."

"Hapana. Ziko kwenye maji ya chumvi, zinajua bado ziko tumboni. Usiondoe jicho." Dorthea aliongeza tone la maji ya bomba.

Vumbi likashikwa na wazimu. Mbegu ziliamka zote kwa pamoja, zikakimbia huku na huku, zikigongana, kila moja ina haraka ya kufika mahali ambapo hapakuwepo. Verlene alijikuta amezuia pumzi. Kisha zikaanza kupungua mwendo. Moja ikasimama, nyingine, nyingine. Alipoinua kichwa hata dakika ilikuwa haijaisha, na zote zilikuwa zimekwisha.

"Ndiyo hivyo tu?"

"Zikiguswa na maji matupu zinajua zimemwagwa mtoni. Zina mbio moja."

"Kwa hiyo mtu akitaka kuziua, kikombe cha maji ya bomba kinatosha."

"Kinatosha."

"Na mfuko ungebaki umevimba vilevile. Leo asubuhi mngesema bahati mbaya, wala mzee asingemwita sherifu." Verlene alivuta kiti akakaa. "Garland anajua hilo?"

"Garland alilijua kabla sijazaliwa."

"Basi si Garland. Wala si wewe. Aliyeibana hii mifuko hajui kwamba mbegu zinapumua. Hakuja kuua kitu. Ameitoa hewa kwa utaratibu, hakumwaga hata tone, akaipanga upande mmoja. Alikuwa anatafuta nafasi." Alifungua friji tena, akapima upande uliokuwa wazi kwa viganja vyake. "Nafasi ya sahani. Sahani ya saladi ya viazi, yenye haradali, kama wanayopika akina mama wa kanisa lako. Jana kanisani kulikuwa na chakula?"

"Kulikuwa na maadhimisho ya mchungaji," Dorthea alisema kwa sauti ya chini sana. "Mimi sikwenda."

"Nani mwingine anajua ufunguo unapokaa?"

Dorthea aliinamia mifuko. Mkono wake ulikuwa umerudi mezani, kidole gumba kinalainisha mdomo wa mfuko, na Verlene safari hii alikitazama kile kidole kinafanya nini. Aliuchukua ule mfuko, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya zipu plastiki ilikuwa na mistari miwili ya mkunjo. Mmoja ulikunjwa kwa mbele, mwingine kwa nyuma.

Aliijua mikunjo ile. Mama yake alikuwa akifunga hivyo minofu ya kambare kabla ya kuitia friza: unalaza mfuko, unausukuma kwa mkono kuanzia chini mpaka hewa yote itoke, unafunga zipu, unakunja mbele mara moja na nyuma mara moja. Verlene alirithi. Na mwaka wa kwanza wa ndoa yake alisimama nyuma ya mwanaume mmoja jikoni, akamshika mikono, akamfundisha, wakicheka.

"Umeikunjua yote kabla sijafika," alisema. "Asubuhi nzima unapiga pasi mifuko."

"Kwenye friza yetu yote imekunjwa hivyo," Dorthea alisema. "Nilipofungua hapa leo nikadhani niko nyumbani."

"Kwa hiyo ulikuwa tayari kufukuzwa kwa ajili yake."

"Si kwa ajili yake." Dorthea aliinua uso, na kwa mara ya kwanza ile sauti ya kubembeleza haikuwepo. "Kwa ajili yako. Ningekuwa nimeletewa polisi mwingine yeyote ningesema. Mume wangu alikuja huku na sahani, hakunikuta, akaona gari langu na la Garland yamekaa pamoja. Akaamini nimefichwa mahali na mzee asiye na meno. Akaichukua sahani yake akaondoka, na jioni akaninunia. Nimekaa hapa tangu asubuhi naunganisha. Kila siku ananiuliza nilikuwa na nani. Anashika boneti ya gari langu kuona kama ina moto. Ndoa yangu ni hiyo. Nilikuwa radhi nipoteze kazi kuliko wewe, kati ya watu wote, kujua kwamba haniamini."

Verlene alichukua kalamu. Aliuweka mfuko kwenye bahasha ya ushahidi, akaandika tarehe, akaandika tena kwa sababu ya kwanza alikosea.

Langoni Pruitt alimzuia. "Umepata?"

Hapo angeweza. Neno moja tu lilitosha: uzembe. Mwenyewe Dorthea alikuwa ameliomba. Angefukuzwa, angekosa kazi Delta nzima, na huenda wangehama, na Verlene asingekutana tena na lile gari lao sokoni, wawili wamekaa mbele. Alilionja wazo hilo, na lilikuwa tamu. Tena hakuna ambaye angejua, kwa sababu duniani waliokuwa wanaisoma mikunjo ile walikuwa watatu, na mmoja alishaifuta.

"Nimepata nusu," alimjibu. "Usimfukuze mtu mpaka nirudi."

Asijifanye kuwa haki ndiyo iliyomsukuma. Alitaka kuisikia kwa mdomo wa Lemuel.

Lemuel alikuwa fundi kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, na mwezi wa Mei kiwanda hakina pamba, kina mashine zilizofunguliwa tu. Verlene alimkuta amelala chini ya moja, miguu nje. Aliitambua miguu.

"Toka, Lemuel."

Alitoka akijifuta grisi, mwanaume mkubwa, shemasi, mwenye uso wa kuaminika ambao ulikuwa umemponza Verlene mara moja.

"Verlene. Kuna msiba?"

"Jana baada ya ibada ulikwenda wapi na sahani?"

"Nilimpelekea mke wangu chakula. Imekuwa kosa?"

"Endelea."

"Niendelee na nini? Hakuwepo. Alishanionyesha ufunguo unapokaa, nikafungua nimwekee kwenye friji, nikakuta imejaa mifuko ya upepo. Upepo mtupu na maji kidogo chini. Mtu gani anahifadhi upepo? Nikaitoa, nikaikunja vizuri, nikaipanga. Sikumwaga kitu."

"Karatasi mlangoni uliiona?"

"Niliiona. Nikasema ni ya wafanyakazi." Alikunja kitambaa chake. "Halafu nikatoka nje, nikaona gari lake na la yule mzee, ubavu kwa ubavu. Hakuna mtu. Nikaita, kimya. Jumapili, watu wako kanisani, wao wawili hawaonekani."

"Walikuwa kwenye matope mpaka kiunoni, wanavua samaki. Garland ni rika la baba yako."

"Mtu akishapenda haangalii rika."

"Ukafanyaje?"

"Nikachukua sahani yangu. Nikaila mwenyewe, nyuma ya usukani." Alisema kwa uchungu wa kweli, kama yeye ndiye aliyeonewa.

Verlene alimweleza. Alimweleza kwa ufupi, bila kumwonea huruma: zile mbegu zinapumua, ule upepo ulikuwa pumzi yao, wale madume walikuwa wa mwisho, na kama jioni asingemwita mkewe nyumbani, mkewe angeziokoa. Lemuel alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya ndoo.

"Sikujua," alisema. "Nani angejua? Mzee atamfanya nini?"

"Atamfukuza leo. Dorthea amejitwisha mwenyewe. Hakutaka jina lako litajwe."

Lemuel alifunika uso kwa mikono yenye grisi. Alipoiondoa, uso ulikuwa na mistari. "Mwambie mzee ni mimi."

"Utamwambia wewe."

Kesi ilikuwa imeishia hapo. Verlene alijua imeishia hapo, na alikuwa ameshafunga kalamu. Lililotoka baadaye halikuwa la sherifu.

"Lemuel. Miaka kumi na moja nilifanya zamu za Jumapili. Na za usiku, kwenye gari moja na wanaume, wengine walikuwa hawana hata wake. Hukuniletea sahani. Hukuja hata siku moja kuona niko wapi na niko na nani."

Lemuel alimtazama, na uso wake ukalainika. Alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake zawadi aliyomwekea muda mrefu.

"Wewe?" alisema. "Wewe sikuwahi kuwa na wasiwasi nawe hata siku moja."

Nje jua lilikuwa bado juu. Verlene alitangulia kwenye gari bila kugeuka, akasikia hatua zake nyuma, nzito, alizozifahamu. Lemuel akazunguka upande wa abiria, akashika kitasa cha mlango wa mbele, kama alivyozoea miaka ile.

"Nyuma," Verlene alimwambia, akasubiri mpaka alipojikunja akaingia.